Alhamdu Moja Kabla ya Ngurumo

Wanangu, nasikia siku hizi kila chuo kinataka uwanja wake, na kila uwanja unataka mtu wa kuutunza. Juzi kijana mmoja wa mtaa wa Aziziya alikuja kunipa habari njema kwamba amepata kazi ya kutunza kiwanja cha mpira cha chuo kimoja huko Riyadh. Akaniuliza ajifunze kwanza mashine gani ya kukatia majani. Nikamwambia mashine atazikuta huko huko, yeye atafute kofia pana na ajifunze kutazama juu. Alicheka akidhani namtania. Sikuwa namtania hata chembe, na ndiyo maana nimekaa leo kuwaandikia, yeye na wenzake wote wanaodhani kazi hii ni ya majani.

Mimi naitwa Haji, mzaliwa wa Ruwais hapa Jeddah, mtoto wa watu wa Unguja. Nimetunza viwanja vya vyuo miaka ishirini na sita, ya mwanzo hapa Jeddah na iliyobaki Riyadh. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi, iliandikwa "mfanyakazi wa bustani", na wanafunzi waliniita mtu wa majani. Sikukasirika, maana majani yangu yalikuwa mazuri. Lakini nitasema jambo moja bila kuona haya: katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyebebwa kutoka kiwanjani kwangu kwa sababu ya hali ya hewa. Miguu imevunjika, meno yameng'oka, na golikipa mmoja alijigonga kwenye mlingoti akazinduka akiuliza harusi imeanza saa ngapi. Hayo ni ya mpira. Ya jua, vumbi na radi hayakumpata mtu, na hilo najivunia mpaka leo nikiwa nimestaafu na magoti yamegoma.

Mtaniuliza kiangazi kilikuwaje. Kiangazi ni rahisi. Vyuo vimefungwa, wanafunzi wako makwao, na hata mwendawazimu haingii uwanjani saa nane mchana. Kazi iko kwenye majira ya kuchipua, ile miezi michache kabla ya mitihani, wakati mashindano yote ya vyuo yanabanwa pamoja na kila kocha anataka mazoezi ya ziada. Asubuhi kuna kibaridi, vijana wanakuja na makoti. Adhuhuri jua linawaka. Alasiri upepo unageuka, na hujui umebeba nini. Riyadh msimu huo wanauita sarayat. Ni dhoruba za ghafla: zinaanza kwa vumbi, zinafuatia kwa mvua na ngurumo, kisha zinaondoka kama hazikufika.

Mpira nao una mambo yake. Mwaka mmoja nilijaza mipira asubuhi, ndani ya stoo yenye kiyoyozi, nikaipanga kandoni mwa uwanja juani. Kufika kipindi cha pili ilikuwa imevimba na kukaza. Mshambuliaji wetu akaruka kupiga kichwa, akakaa chini kitako, akaanza kumsalimia refa upya. Tangu siku ile mipira ya mechi ya alasiri nilikuwa naijaza nje, kivulini, nusu saa kabla ya mchezo. Na nyasi za bandia msiziamini kwa macho. Weka mgongo wa mkono juu yake uhesabu mpaka kumi taratibu. Ukishindwa kumaliza, mchezaji atakayeanguka pale atachunika na kuungua kwa pamoja.

Kosa langu kubwa la kwanza Riyadh nililitoa nyumbani. Hapa Jeddah tulizoea kumwagilia uwanja alasiri kabla ya mechi, ili ardhi ipoe, maana joto letu ni la unyevu na jasho halikauki mwilini. Nikafika Riyadh na ujanja wangu. Siku ya mechi yangu ya kwanza nikafungua maji, uwanja ukameremeta, nikasimama mikono kiunoni nikijipongeza. Baada ya robo saa likaja vumbi. Vumbi kavu juu ya majani yaliyolowa: mnajua unga unavyoganda mtu akiumwagia maji kidogo? Vijana wa timu mbili waliteleza wakatoka wote rangi moja, refa akawa hajui nani ni wa nani, akapuliza filimbi ya kumaliza mechi. Nyavu za magoli nilizifua siku tatu. Nilipompigia simu mke wangu Zuhura, aliyebaki Jeddah na watoto, hakunionea huruma hata kidogo.

"Wee Haji," akasema, "umekwenda Riyadh kuwapikia ugali uwanja mzima?"

Aliyenifunza Riyadh alikuwa Amm Idris, Msudani mrefu aliyekitunza kiwanja kile kabla yangu. Alikuwa mkimya, mwenye hasira za haraka, na alipenda kufanya kazi akiwa amefunga kilemba kichafu makusudi, ati kilemba safi humfanya mtu aogope vumbi. Nilikaa naye misimu miwili kabla hajarudi kwao. Siku moja ya mwanzo mwanzo matone yakaanza kudondoka. Nyinyi mliokulia hapa mnajua mvua ilivyo kwetu. Watu hawaikimbii, wanaikimbilia. Wanatoka majumbani, wanaegesha magari na kushuka, wanainua mikono kuomba dua, kwa sababu ni saa ya rehema. Na mimi mtoto wa Jeddah, ambaye mvua naiona mara chache kwa mwaka, nilitupa kila kitu nikakimbilia katikati ya uwanja, nikainua mikono juu, namshukuru Mola kwa sauti.

Nasema nilitupa kila kitu, kumbe mkono wa kulia ulikuwa bado na reki ya chuma.

Amm Idris alitoka stoo mbio, sikujua mzee yule anaweza kukimbia vile. Alinipiga kikumbo tukaanguka sote wawili, reki ikaruka huko. Kisha akaniburuta mpaka ndani kwa ukosi wa shati.

"Unaomba nini na fimbo ya chuma juu?" akanifokea. "Unaomba upigwe?"

Alipotulia alinipa ile elimu ambayo ningeiweka mbele ya mashine zote. Alisema: ukiona umeme umemulika, hapo hapo anza kusoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, kwa kituo, aya kwa aya, usiharakishe. Ukiimaliza na ngurumo haijasikika, dhoruba iko mbali, endelea na kazi huku ukiitazama. Ngurumo ikikukatiza kabla ya kumaliza, ingia ndani na uwaingize wote. Na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho, hata kama jua limetoka na ndege wanaimba. Baadaye nilikuja kusoma kwenye vitabu vya viwanja kwamba wataalamu wanahesabu sekunde thelathini. Nikajipima kwa saa. Alhamdu yangu kwa kituo ni sekunde thelathini na mbili.

Siku hizi kuna simu zinazopiga kelele dhoruba ikikaribia, na nawaambia zitumieni, msijifanye mashujaa. Lakini simu inasema habari ya mji mzima, na Riyadh ni mji mkubwa. Wewe una kiwanja kimoja, kijue.

Basi elimu nilikuwa nayo, cheo sikuwa nacho. Mechi inasimamishwa na refa, na refa anamsikiliza mudiri wa michezo. Mudiri wetu alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, anayependa ratiba yake isiguswe. Mwaka mmoja niliona wingu jeusi kusini nikamsihi aahirishe mechi ya nusu fainali. Akakubali. Wageni wakarudi na basi lao. Wingu likazunguka, likaenda zake, na jioni ikawa nzuri kuliko zote za mwezi ule. Kesho yake akaniita ofisini.

"Ami Haji," akasema, "wewe ni mtu wa majani. Majani yako chini. Tazama chini. Ukinivurugia mechi nyingine, halas, natafuta mwingine."

Chuo ndicho kilikuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, kwa hiyo neno lile halikuwa la mdomo tu. Nilikuwa na watoto watatu wanaosoma. Nikasema sawa, na mwaka mzima nikatazama chini, au nikajifanya natazama chini.

Sasa nifike kwenye fainali, ambayo wengine wenu mmesikia ikisimuliwa kwa makosa.

Tulicheza nyumbani, Riyadh, na chuo kimoja cha hapa Jeddah. Chuo chetu hakikuwa kimewahi kuchukua kombe lile tangu kianze. Nahodha wetu alikuwa Nawaf, kijana mwembamba wa mwaka wa mwisho, mtoto pekee wa mama yake, na mama huyo alikuwa jukwaani siku ile na dumu la kahawa. Mechi ilianza baada ya sala ya Alasiri. Hewa ilikuwa nzito na upepo ulikata ghafla, jambo ambalo halikunipendeza. Upande wa kaskazini magharibi ukuta wa vumbi ulikuwa umesimama, rangi ya mdalasini, na juu yake wingu.

Dakika ya sitini na tano Nawaf akafunga. Moja bila. Jukwaa likalipuka, mudiri akamkumbatia mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa kando ya stoo natazama ng'ambo. Umeme ukamulika ndani ya lile wingu. Nikaanza Alhamdu, nikaimaliza, na ngurumo ikaja nyuma yake kwa mbali. Nikamfuata mudiri.

"Bosi, inakuja. Tuwaingize."

Hakunitazama. "Zimebaki dakika ishirini na tano. Tazama chini, Ami."

Nikamwendea refa wa akiba. Akasema yeye haoni mvua. Na kweli haikuwepo mvua, ilikuwa bado kavu kabisa, na hapo ndipo watu wanapopotea. Umeme ukamulika tena. Safari hii nilikuwa nimefika kwenye "iyyaka naabudu", katikati ya sura, ngurumo ikanikatiza.

Wanangu, niliogopa. Niliogopa kufukuzwa, na niliwaogopea zaidi wale vijana ishirini na wawili waliosimama mahali pa wazi, na nguzo nne ndefu za chuma za taa zimewazunguka. Na kulikuwa na jambo la tatu. Wapinzani wetu walikuwa wa Jeddah, mimi ni wa Jeddah, nasi tulikuwa tunaongoza. Nilijua kabisa yatakayosemwa.

Kwanza nililichukua gunia la mipira ya akiba nikalifungia stoo. Hakuna aliyeniuliza, ni kazi yangu. Tukapata kona, upande ule ulio karibu na mlango wa jengo la mazoezi. Nawaf akauweka mpira kwenye pembe, akarudi nyuma hatua nne. Mimi nikaenda pale nikijifanya narekebisha kibendera cha kona, maana hiyo nayo ni kazi yangu. Nikainama, nikauokota mpira kwa mikono miwili, nikaanza kuondoka nao.

"Ami?" Nawaf akaita. "Ami, wapi?"

Refa akapuliza filimbi. Nikaongeza mwendo. Akapuliza tena, na hapo nikakimbia. Mzee wa miaka hamsini na saba, goti moja bovu, mpira kwapani. Nikasikia nyuma yangu njumu za timu mbili, na matusi ya lahaja mbili. "Mshike! Amewahurumia wa kwao! Mtu wa Jeddah huyo!" Mudiri alitoka jukwaani akakimbia kuliko wote, kanzu amekunja mkononi na agali, ile kamba nyeusi ya kilemba, imemning'inia sikioni. Watazamaji, walipoona refa, wachezaji wote na mudiri wanamfukuza mtu mmoja, wakaona burudani imehamia kwingine, nao wakafuata. Mama yake Nawaf alikuja na dumu lake. Niliingia jengo la mazoezi, nikapita ukumbi mpaka mwisho kabisa, nikageuka, nikauweka mpira chini ya fulana yangu na mgongo ukutani.

"Niueni," nikawaambia, "lakini niueni humu ndani."

Hawakupata nafasi. Vumbi likafika. Madirisha yakageuka mekundu, kisha meusi, milango ikagonga, waliokuwa nyuma wakasukumana kuingia. Kisha vumbi likapita na matone makubwa yakaanza kupiga bati, na harufu ya ardhi ikaingia. Na hapo, wanangu, ndipo ilipokuwa kazi yenyewe, kwa sababu nyuso za wote zilibadilika. Mvua! Hasira zikaisha, watu wakacheka, wakaanza kuelekea mlangoni na simu zao. Nikaacha mpira nikawahi mlango, nikapanua mikono.

"Ami, tupishe," Nawaf akasema, na macho yake yalikuwa bado na machozi ya hasira. "Umeniharibia fainali, usinizuie na dua. Nitoke nikaombe."

"Omba hapa hapa. Bati halimzuii Mola kukusikia."

Alinishika bega kunisogeza. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, na nafikiri angenisogeza. Lakini ukumbi wote ukawa mweupe, na mlio ukaja pamoja na weupe wenyewe, hapakuwa na nafasi hata ya kusema bismillahi. Radi ilipiga nguzo ya taa iliyo nyuma ya ile kona. Taa zilishuka vipande vipande. Tulipoweza kuona tena, majani kuizunguka nguzo yalikuwa yanafuka moshi ndani ya mvua, na kibendera cha kona hakikuwepo.

Mama yake Nawaf alimshika mwanawe kiwiko cha mkono, akawa hamwachii. Mudiri alivaa agali yake vizuri, akaja mpaka nilipo.

"Tungoje mpaka lini, Ami?" akauliza.

"Nusu saa tangu ngurumo ya mwisho."

Akakaa chini sakafuni, na kanzu yake nyeupe, na wote wakakaa. Sitaki kuwadanganya kwamba Nawaf angekuwa pale pale kwenye kona wakati ule. Mpira unakwenda huku na huku, huenda angekuwa kwenye goli la upande wa pili. Lakini angekuwa nje, na wenzake wote nje, na mimi nafahamu hivyo nikilala na nikiamka.

Mechi iliyokatizwa kanuni zilisema irudiwe tangu mwanzo, na wakaamua irudiwe Jeddah baada ya siku kumi. Bao la Nawaf likafutwa. Nilisafiri na timu, mudiri mwenyewe alinitaka. Nikawafundisha vijana kila ninachokijua juu ya joto la kwetu: wanywe kidogo kidogo tangu asubuhi, wasingoje kiu, wabadilishe fulana wakati wa mapumziko kwa kuwa ile ya kwanza haitakauka. Walicheza vizuri sana. Wakafungwa mbili moja. Kombe likabaki Jeddah, na watu wa Ruwais waliokuja kutazama walinipigia makofi kama mimi ndiye niliyefunga, jambo ambalo halikunisaidia.

Nawaf hakuwa amesema nami siku zote zile kumi. Baada ya mechi alikuja akakaa karibu yangu kwenye ngazi, jezi imemganda mwilini. Akanyoosha mkono akautazama.

"Ami, siku ile nilipouweka mpira kwenye kona, vinyweleo vya mkono vilisimama vyote," akasema. "Nilidhani ni hamu ya kufunga la pili."

Vinyweleo husimama hivyo radi inapotaka kushuka juu ya mtu. Nililia pale pale mbele yake, sikujificha. Tulikaa mpaka basi likatuita.

Sasa yeye ndiye kocha wa chuo kile kile. Mwezi uliopita, alasiri, nilikuwa hapa kibarazani na chai yangu, Zuhura ananisomea orodha ya vitu vya sokoni, simu ikalia. Ilikuwa yeye, kutoka Riyadh, sauti ya chini, ya haraka.

"Ami, sikiliza," akasema, akainua simu juu. Nikasikia vijana wanaitana uwanjani, mpira unagongwa, na kisha upepo ukakata. Nikasubiri. Akasema, "Umemulika," nami nikaanza kusoma. Nilikuwa bado sijamaliza aya ya tatu, ngurumo ikasikika simuni.

"Waingize," nikamwambia.

Akaita mara moja tu, neno moja, "Yalla." Nikasikia njumu zikigonga saruji, nyingi, zikija mbio, na hakuna sauti hata moja iliyouliza kwa nini. Sikukata simu mpaka niliposikia mlango umefungwa.